Mizani ya Sabuni

Kostiki haimsamehe mtu anayekisia. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inataka gramu 175 hivi za kostiki ili igeuke sabuni ya kuogea. Ukizidisha, sabuni inaunguza ngozi. Ukipunguza mno, unabaki na uji wa mafuta usioganda. Tena kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, si maji kutiwa ndani ya kostiki, kwa sababu mchanganyiko ule hufoka na kuruka machoni. Wanawake wa Makunduchi, Unguja, ninaowajua, waliojifunza kupika sabuni ya mwani, huyasema haya kwa sauti wakiwa kazini, kama msafiri anayesoma dua kabla ya chombo kung'oa nanga. Wamekulia kwenye nyumba ambamo chumvi hupimwa kwa ncha za vidole na mchele kwa kibaba. Basi mimi nikiisifu kazi ya sabuni, ninachokisifu zaidi ni ile mizani iliyokaa juu ya meza.

Nilisoma kozi ya ubunifu wa biashara chuoni mjini, nikipanda daladala namba 310 kwenda na kurudi, na nilidhani nitafundishwa namna ya kupata wazo. Hilo hatukufundishwa. Tulifundishwa maswali ya kuchosha: hiki kimekula gharama gani, kimechukua muda gani, na aliyekinunua leo atarudi kukinunua tena kwa sababu gani. Tukasomeshwa Joseph Schumpeter, mwanauchumi wa Austria, aliyeandika mwaka 1911 kwamba uchumi husukumwa mbele na watu wanaoviunganisha upya vitu ambavyo tayari vipo. Alitaja bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, na mpangilio mpya wa shughuli nzima. Wenzangu walikuwa wakitafuta mifano kwenye kampuni za simu. Mimi akili ilikuwa pwani ya kwetu.

Maana mwani umepita karibu njia zote hizo. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti na kushikilia kwamba unaweza kulimwa, si kuokotwa tu ukitupwa na mawimbi. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino: spinosum na kotonii. Vifaa vilikuwa vigingi, kamba na vijikamba vya kufungia mbegu. Lakini kitu kimoja hakikuletwa na meli, nacho ni ujuzi wa pwani. Ndani ya mwamba, maji yanapokupwa na mchanga kubaki wazi, pale ndipo wanawake walipokuwa wakichokoa pweza na kufukia makumbi, wakayafukua baada ya miezi, wakayaponda na kusokota kamba. Nje ya mwamba palikuwa pa wenye vyombo, yaani wanaume. Kwa hiyo kilimo kipya kiliwakuta watu wanaojua bamvua linaingia lini na maji mafu yanadumu siku ngapi. Haishangazi kwamba wakulima wengi wa mwani hadi leo ni wanawake.

Kilichowashinda ni bei. Mwani mkavu hufungwa maguniani ukasafirishwa ng'ambo, huko ukakamuliwa karajinani, ute unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili uzishikize. Mkulima hayuko karibu na meza inapopangwa bei, na kwa miaka mingi spinosum iliuzwa kwa mamia machache tu ya shilingi kwa kilo. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini tangu miaka ya mwanzo ya 2000 imekuwa ikifa kwenye maji madogo kwa sababu bahari inapata joto.

Hapo ndipo, mwaka 2006, ulipoanza mpango wa kongano la mwani Zanzibar, ZaSCI, chini ya programu ya ubunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyeuongoza ni Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja. Wakulima, watafiti, wafanyabiashara na watu wa serikali walikalishwa pamoja, kisha kazi ikaanza: kusaga mwani uwe unga, kupika sabuni, kujaribu nyavu za mfano wa mrija ili kotonii ilimwe kwenye kina kirefu penye ubaridi kidogo. Mimi naliheshimu darasa la namna hiyo kuliko mashindano ya mawazo tuliyokuwa tukifanyishwa chuoni, kijana na tai yake mbele ya ukuta wa picha, anaahidi programu ya simu itakayomuunganisha mvuvi na dunia. Mvuvi mwenyewe hajaulizwa.

Turudi jikoni. Mwani huoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa mpaka uwe laini, maana chembe moja nzito itamkwaruza mtu shavu. Mafuta ya nazi huteuliwa yasiyo na mvundo. Karafuu, mdalasini au mchaichai huingia kwa kiasi, na kiasi hicho ndicho siri ya kila kikundi. Kisha kukoroga. Hapa mizani haisaidii tena, jicho ndilo linalofanya kazi: ukiinua mwiko, tone linaloanguka liache mstari juu ya uji kabla ya kuzama. Kabla ya hapo ni mapema. Ukichelewa, uji unashika kwenye sufuria. Humiminwa kwenye kalibu, hukatwa kesho yake, na vipande hupangwa kwenye chanja karibu mwezi mzima hadi vikomae. Mwenye haraka huuza sabuni inayoyeyuka kwenye kisahani. Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa nyingine ambayo sisi tunaoteka visima vya pwani tunaielewa kuliko mtu wa bara: hutoa povu hata kwenye maji yenye chumvichumvi.

Mtu asidhani kupima kumeletwa Makunduchi na gari kutoka mjini. Mgeni anayekuja Julai kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi, huangalia vijana wanaotandikana kwa migomba na kibanda kinachochomwa. Mimi huangalia hesabu iliyo nyuma yake: siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na tano zinazobaki. Kwa kuwa haina mwaka mrefu, Nairuzi hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka 4. Wakulima na mabaharia walipanda na kung'oa nanga kwa kuhesabu miongo. Tulipima mvua, pepo, bamvua, mpunga. Jasho letu ndilo tuliloliacha nje ya pishi.

Nilipomwomba shangazi tuandike gharama za sufuria moja ya sabuni, tuliandika mafuta, kostiki, kuni, karatasi za kufungia, nauli ya kupeleka mjini. Nikaandika "kazi" na kuacha nafasi. Akanitazama. "Mwanangu, kazi si yangu mwenyewe? Niilipe kwa nani?" Tukaijaza hata hivyo, kwa kiwango cha kibarua wa kawaida, pamoja na saa za kusimama majini na saa za kutwanga. Ikaonekana kwamba kipande alichokuwa akiwauzia majirani kilikuwa sadaka. Sadaka si mbaya, ila alitaka kujua anaitoa.

Mabadiliko yangu mimi ni madogo ukiyatazama kwa nje. Kwa tabia yangu ya zamani, nilikuwa napunguza bei kabla mnunuzi hajafungua mdomo, kwa haya tu. Siku hizi natamka bei, nanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kugumu, na sijui mtihani wa chuo ambao ungeweza kukupima kwenye hilo. Ninalo daftari, na ndani yake najua kila tarakimu imetoka wapi. Mwenye hoteli akiniambia ghali, namfungulia ukurasa. Wengine huondoka. Wanaobaki huagiza tena.

Kikundi chetu sasa kina ugomvi ambao zamani usingezuka, kwa sababu daftarini hapakuwa na mstari wa "kazi" wa kuugombania. Wanaoingia majini wanasema saa moja ya kuinama kwenye kamba, chumvi ikiwala miguu, hailingani na saa moja ya kukata vipande kivulini. Wakataji wanajibu kwamba kosa moja la kisu au la mizani linatupa sufuria nzima. Shangazi, ambaye hufanya zote mbili, amekataa kuamua. Kikao kimeahirishwa hadi maji mafu, maana bamvua likishaingia hapatikani wa kukaa kitako.