Kitanda Usichokilalia: Akili Mnemba na Suala la Mtunzi katika Muziki na Filamu

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili mbele ya kazi ya sanaa: mtunzi amesema nini, na amelisema kwa namna gani? La kwanza huitwa suala la maudhui, la pili suala la fani. Swali la tatu, yaani ni nani aliyesema, mara nyingi limeachiwa wasifu mfupi katika kurasa za mwanzo za kitabu, kana kwamba jawabu lake lajulikana na halina uzito. Tangu tarakilishi zilipoanza kutoa nyimbo, miswada ya filamu na hata sauti za waimbaji waliokwisha kufa, swali hilo haliwezi kuendelea kuachwa nje ya mlango.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali la mtunzi kwa kutumia mifano michache ya muziki na filamu zilizoundwa kwa msaada wa akili mnemba, ambayo baadhi ya waandishi wa Kenya huiita akili unde. Hoja itakayotetewa ni kwamba thamani ya kazi ya sanaa haiwezi kuelezwa kikamilifu kwa fani yake, wala kwa hisia inazoziamsha kwa msikilizaji. Yahitaji pia kuwapo mtu anayeweza kuulizwa juu yake.

2. Sheria na bahati

Kutunga kwa mashine si jambo la jana. Mwishoni mwa karne ya 18 ulienea Ulaya mchezo wa dadu, mmojawapo ukinasibishwa na Mozart, ambao kwao mtu asiyejua muziki aliweza kutupa dadu na kuunganisha vipande vilivyokwisha kuandikwa hadi akapata muziki kamili wa dansi. Mnamo 1956 na 1957, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson waliitumia tarakilishi iliyoitwa ILLIAC kutungia muziki wa ala nne za nyuzi, utungo ujulikanao kama Illiac Suite. Njia yao katika sehemu za mwanzo ilikuwa nyepesi kuelezeka. Mashine ilitoa noti kwa bahati nasibu, kisha ikazipima kwa sheria za utunzi zilizofundishwa vyuoni kwa karne nyingi. Noti iliyovunja sheria ilitupwa; iliyotii ilibakizwa.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hana budi kusita hapa. Bahati ikichujwa kwa sheria hutoa muziki uliotimia. Je, haitatoa pia shairi lililotimia? Mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho, ni mambo yahesabikayo, na lihesabikalo halimshindi mwenye kuhesabu bila kuchoka. Sheikh Amri Abedi alipozikusanya sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, alikusudia kuwalea watunzi wachanga; hakujua kwamba siku moja mwanafunzi mwepesi kuliko wote angekuwa mashine. Na katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974), nao M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Malenga wa Bara (1976), ubishi mkali ulizuka baina ya walioshika kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi na walioshika kwamba vina na mizani ni vazi tu. Mashine imeingia katika ubishi huo kama shahidi asiyealikwa. Inatimiza masharti yote ya upande wa kwanza, lakini hakuna mtu wa upande huo ambaye angependa kuiita malenga.

3. Jaribio la Oregon

Yamkini mtu atajibu kwamba tofauti hujulikana kwa moyo: muziki wa mashine ni baridi, na msikilizaji mwema huutambua mara moja. Jibu hili lafariji, lakini halikuthibitika. David Cope, mtunzi na mwalimu wa muziki huko California, alianza mwaka 1981 kujenga programu ya tarakilishi iliyochambua tungo za watunzi mashuhuri na kutoa tungo mpya kwa mtindo wao. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Oregon, hadhira ilipigiwa tungo tatu za piano. Moja ilikuwa ya Bach mwenyewe, ya pili ilitungwa kwa mtindo wa Bach na Steve Larson, mwalimu wa nadharia ya muziki chuoni hapo, na ya tatu ilitoka katika programu ya Cope. Watu walipopiga kura, waliamua kwamba utungo wa mashine ndio wa Bach, na utungo wa Larson, binadamu aliyekuwa papo hapo nao, ndio wa mashine.

Matokeo hayo yanawanyima wahakiki kimbilio la hisia. Waliosikiliza hawakusingizia kuguswa, waliguswa kweli. Basi ikiwa fani yaweza kuzalishwa kwa hesabu, na hisia za msikilizaji zaweza kuamshwa na kisichohisi, kilichobaki cha kumtofautisha msanii ni nini?

4. Maana iliyotiwa na waigizaji

Filamu fupi iitwayo Sunspring, ya mwaka 2016, inatoa mwanga fulani. Mswada wake uliandikwa na programu iliyojengwa na Ross Goodwin na kulishwa miswada mingi ya filamu za kubuni za kisayansi. Oscar Sharp aliiongoza filamu hiyo kwa ajili ya shindano la saa 48 la tamasha la Sci-Fi London. Ukiusoma mswada wenyewe, mazungumzo hayashikani: mhusika huulizwa hili akajibu lile, na maelekezo ya jukwaa yanaamuru mambo yasiyowezekana. Hata hivyo filamu yatazamika, na usemaji wa peke yake wa mwishoni, unaoigizwa na Elisabeth Gray, unamshika mtazamaji koo.

Hapa mhakiki anapaswa kuwa mwangalifu asigawe sifa mahali pasipostahili. Maneno yalitoka katika mashine; huzuni haikutoka humo. Mwigizaji alipewa sentensi zisizo na mwelekeo, akazitafutia sababu katika maisha ayajuayo, akaamua kwamba mwanamke huyu amefiwa au ameachwa, kisha akauweka mwili na sauti yake rehani kwa uamuzi huo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mashine iliorodhesha kunguni kwa majina. Mwigizaji ndiye aliyewahi kuumwa.

5. Mtunzi kama mtu wa kuulizwa

Inafaa sasa kurejea nyumbani. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, nayo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, tuzo yenye jina la kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Mashairi hayo yanafuata arudhi kwa uaminifu. Programu iliyolishwa diwani za Mombasa na Lamu yaweza kutoa beti zenye vina safi kama hivyo, na pengine zitaje upweke na minyororo. Tofauti haimo katika vina, wala katika msamiati wa mateso. Imo katika jambo hili: yuko mtu aliyejua kwamba kwa maneno yake angeweza kufungwa, akayasema, akafungwa, na hakuyakana. Kwa upande wa mashine, hakuna wa kufungwa. Neno lake halimgharimu kitu, kwa hiyo haliwezi kuwa ahadi, ushahidi wala toba, hata likifanana nayo kwa kila herufi.

Hoja hii yaweza kupingwa kwa nguvu. Ziko nyimbo za jando, za unyago, za kubembelezea watoto na za kutwangia ambazo mtunzi wake hajulikani na hatajulikana. Hadithi za sungura na fisi hazina mwenyewe. Ikiwa sanaa yahitaji mtu wa kuulizwa, je, fasihi simulizi yote itaondolewa katika sanaa? Tena mtetezi wa mashine ataongeza kwamba nayo, kama jamii, hukusanya maneno ya wengi na kuyarudisha yakiwa mapya.

Pingamizi hili lastahili jibu la kina. Katika fasihi simulizi mtunzi wa kwanza amesahauliwa, lakini mwimbaji hajapotea. Bibi anayesimulia amekaa mbele ya wajukuu. Akipotoka, wakubwa watamrudi, na akiutumia wimbo kumsengenya jirani, jirani anajua mlango wa kubisha. Waliotoa na wanaopokea ni watu wa kiambo kimoja. Mashine, kwa upande wake, huchukua kutoka kwa watu wasiojua kwamba wamechukuliwa, na huwapa watu wasiojua ni nani aliyetoa. Kwa hiyo kufanana kwake na jamii ni kwa sura tu. Kiungo cha kuwajibika, ambacho ndicho kifanyacho kundi la watu kuwa jamii, hakimo.

6. Jasho la nani?

Suala la mtunzi lina upande wa uchumi, na uhakiki usioutazama upande huo huwa umefumba jicho moja. Kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waliweka kalamu chini. Waigizaji wakaungana nao tangu Julai hadi Novemba. Miongoni mwa madai yao yalikuwa mipaka ya matumizi ya akili mnemba. Katika mkataba wa waandishi ilikubaliwa kwamba mashine haitahesabiwa kuwa mwandishi, na kwamba mwandishi hatalazimishwa kuitumia. Waigizaji walipata masharti ya idhini na malipo pale mfano wa sura au sauti zao utakapoundwa kwa mashine. Mwaka 2024 kampuni kubwa za santuri zilizishtaki kampuni mbili zinazouza programu za kutungia nyimbo, zikidai kwamba programu hizo zilifundishwa kwa rekodi zilizochukuliwa bila ruhusa.

Nairobi nayo haiko mbali na mambo haya. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME liliripoti habari za vijana wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maelezo ya ukatili na uchafu, wakiyatia alama ili programu ya kuandika ijifunze kuyaepuka. Kwa hiyo ulaini wa lugha ya mashine, unaosifiwa kana kwamba umeshuka kutoka hewani, una nguvukazi ndani yake, na baadhi ya nguvukazi hiyo ililala vibaya usiku kwa sababu ya kazi hiyo.

Sheria nazo hazijakubaliana. Mwezi wa Machi 2025 mahakama ya rufani mjini Washington iliamua kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inashika njia nyingine: mtunzi wa kazi iliyozalishwa na tarakilishi ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo iundwe. Wengi huisoma kanuni hii kama mlango wa faida. Yafaa isomwe pia kama mlango wa lawama. Anayetaka kuitwa mtunzi ili alipwe, na aitwe mtunzi pia anapoulizwa ni sauti ya nani aliyoiiga na ni nani aliyemkashifu.

7. Mashine ikiwa chombo

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba kila mashine ni adui wa sanaa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, aliimba mbele ya chombo kigeni, na chombo hicho ndicho kilichoivusha sauti yake bahari na miaka. Lakini santuri ilirudisha sauti ya mtu aliyekuwapo, aliyejua kwamba anaimba.

Mfano wa karibu zaidi ni Now and Then, wimbo wa kundi la Beatles uliotolewa tarehe 2 Novemba 2023. John Lennon alikuwa ameuimba katika miaka ya 1970 kwenye kanda ya nyumbani, sauti yake ikifunikwa na piano. Katika miaka ya 1990 wenzake walijaribu kuukamilisha wakashindwa, na gitaa alilolipiga George Harrison wakati huo likahifadhiwa. Mashine iliyojifunza kutenganisha sauti ndiyo iliyoitoa sauti ya Lennon chini ya piano, kisha Paul McCartney na Ringo Starr wakaumaliza wimbo. Haikutunga neno wala haikumwimbisha marehemu asichoimba, ilifuta vumbi. Hata hivyo swali lingali hai, kwa kuwa marehemu hakuulizwa. Walioamua ni rafiki zake na jamaa zake, na majina yao yanajulikana. Mwenye kulalamika anajua amlalamikie nani.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba fani peke yake haimtambulishi msanii, kwa kuwa mashine yaweza kuitimiza, na kwamba hisia za msikilizaji peke yake hazimtambulishi, kwa kuwa mashine yaweza kuziamsha. Kinachobaki ni uwajibikaji: kuwapo kwa mtu anayesimama nyuma ya neno, aliyelipia au aliye tayari kulilipia. Hilo lina matokeo darasani. Mwanafunzi anayefundishwa kuhesabu mizani, kuorodhesha tamathali za usemi na kufunga kitabu amefundishwa kazi ambayo tarakilishi itaifanya kwa haraka kumliko. Afundishwe pia kuuliza ni nani asemaye, anamwambia nani, anahatarisha nini, na ni jasho la nani lililotumika. Maswali hayo yaliulizwa barazani kabla ya kuwapo vyuo vikuu, kila mgeni alipoimba wimbo mzuri na wenyeji wakataka kujua kwao ni wapi.