Sikiliza Mshono: Namna ya Kupima Wimbo wa Wavulana wa Korea

Fundi cherehani hupimwa kwa kugeuza nguo nje ndani. Huko ndiko mshono uliko, na mshono haudanganyi. Nyimbo za makundi ya wavulana wa Korea Kusini nazo ni nguo za viraka. Kwa zaidi ya miaka 30 zimeshonwa kwa roki, hip hop, R&B, muziki wa disko na ngoma za jadi. Anayetaka kujua wimbo upi ni bora aachane kwanza na sura za waimbaji na hesabu za watazamaji. Asikilize pale kitambaa kimoja kinapokutana na kingine.

Aanze na wakongwe. Mwaka 1992 Seo Taiji and Boys waliimba "Nan Arayo" kwenye televisheni. Majaji wa kipindi wakawapa alama za chini, vijana wakaupokea wimbo kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata ukaja "Hayeoga". Humo gitaa linakwaruza, mistari inachanwa, kisha inapenya taepyeongso, ala ya kupuliza ya Kikorea iliyo ndugu wa nzumari ya pwani yetu. Rudia pale inapoingia. Mlio wake una makali yaleyale ya gitaa, ndiyo maana haionekani mgeni. Hiki ni kipimo cha kwanza: ala ngeni inapobisha hodi, je, inamkuta jamaa yake ndani ya wimbo?

Kipimo cha pili ni sauti za watu. Katika kundi kama H.O.T., lililoanza 1996, ulisikia wazi nani kazi yake ni kuchana na nani ni kuimba. TVXQ walipojitokeza mwishoni mwa 2003, walitambulishwa kama vijana watano wanaocheza na pia wanaoweza kuimba bila ala. Tangu hapo msikilizaji ana haki ya kudai zaidi. Tega sikio kama mwalimu wa kwaya: sauti ya pili ina njia yake, au inafuata tu mkia wa ya kwanza? Mmoja akimaliza mstari, anayepokea anauendeleza kwa pumzi ileile, au wimbo unaanza upya kila anapobadilika mwimbaji?

Kwa zoezi, hakuna darasa zuri kama albamu fupi ya SHINee ya 2012. Ndani yake zimo nyimbo mbili, "Clue" na "Note", na wa tatu, "Sherlock", uliotengenezwa kwa kuziunganisha hizo mbili. Sikiliza "Clue", kisha "Note", ndipo uweke "Sherlock". Jiulize: kama nisingeambiwa, ningeuona mshono? Rudia zoezi hilo mpaka sikio lizoee kuutafuta.

Usidhani vitambaa vingi ndiyo ufundi. "Growl" ya EXO, ya 2013, imesimama juu ya mdundo mmoja unaojirudia, na sauti ndizo zinazoongezeka taratibu juu yake. Ukipata wimbo unaobadilika kila nusu dakika, ulinganishe na huu. Mtunzi anayejua kutulia ndiye anayejua pia lini abadilishe.

Miaka ya karibuni mshono wenyewe umehama. Katika "Hayeoga" vitambaa vinafuatana. Katika "Sticker" ya NCT 127, ya 2021, vimelazwa kimoja juu ya kingine. Chini kuna besi nzito na sauti kavu ya filimbi inayojirudia, juu kuna uimbaji laini wa R&B. Mara ya kwanza unaweza kukereka. Sikiliza tena ukifuata waimbaji peke yao, halafu besi peke yake. Kama kila tabaka linasimama lenyewe, na yakikutana yanavutana bila kuangushana, hiyo ni kazi ya fundi.

Kasoro nazo zina alama zake. Kiitikio kinaachiwa ngoma tupu ili watu wacheze, na beti hazikukiandalia njia. Ala ya jadi inasikika mara moja kisha inapotea, kama ua lililobandikwa kwa gundi. Linganisha na "IDOL" ya BTS, ya 2018. Juu ya mapigo yanayokumbusha gqom, muziki wa dansi wa Durban, zimewekwa kelele za kutia moyo, zile ambazo watazamaji wa pansori, uimbaji wa jadi wa Kikorea, humpigia msanii. Wimbo unahusu kujipenda mwenyewe, kwa hiyo kelele hizo zina kazi humo. Ukiziondoa, wimbo unapungukiwa.

Mtindo hupitwa, kama kitambaa kinavyopauka. Vinanda vya 1993 leo vinasikika vya zamani. Lakini nzumari ile ya "Hayeoga" ikiingia, shingo bado inainuka yenyewe. Rangi imepauka, mshono haujafumuka.