Nani Atapima Umbali? Uhakiki wa Filamu "Lumumba"

Iko sheria moja katika Torati ambayo wahubiri wetu huipita upesi. Mtu akionekana ameuawa kondeni, naye muuaji hajulikani, wazee na waamuzi hutoka wakapima umbali toka maiti hadi miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi huleta mtamba, hunawa mikono, hutamka mbele za Mungu kwamba hawakumwaga damu ile wala hawakuona ikimwagwa, kisha huomba msamaha (Kum. 21:1-9). Sheria hiyo haikubali maiti isiwe na mwenyewe, wala hairuhusu mtu atajwe kuwa muuaji kwa kubahatisha. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuihakiki filamu "Lumumba", iliyoongozwa na Raoul Peck na kutolewa mwaka 2000. Si filamu ya nchi ya mbali. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkabala wa Kipili na Kirando, ndiko Moba, iliyokuwa sehemu ya Katanga. Na ardhi ya Katanga ndiyo iliyoinywa damu inayosimuliwa humo.

Hadithi yenyewe

Peck ni Mhaiti aliyelelewa kwa muda Kongo, ambako wazazi wake walikwenda kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya filamu hii alikwisha kutengeneza nyingine ya kumbukumbu juu ya mtu huyo huyo. Hii ya pili ni ya kuigizwa. Eriq Ebouaney anamwigiza Patrice Lumumba, na picha zilipigwa Zimbabwe na Msumbiji kwa kuwa Kongo yenyewe ilikuwa vitani.

Habari zake zajulikana. Lumumba akawa Waziri Mkuu mwezi Juni 1960. Tarehe 30 ya mwezi huo akatoa hotuba iliyomchoma Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Mwezi Septemba Rais Kasavubu akamwachisha kazi, na Kanali Mobutu akatwaa madaraka. Mwezi Desemba Lumumba alikamatwa. Tarehe 17 Januari 1961 alisafirishwa kwa ndege hadi Élisabethville, naye akapigwa risasi usiku ule pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Baadaye afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, na msaidizi wake waliifukua miili na kuiangamiza kwa tindikali.

Peck hamfichi mtazamaji mwisho wa hadithi. Mapema kabisa anatuonyesha wazungu wawili wakiangamiza miili usiku, na sauti ya marehemu ndiyo inayosimulia. Kwa uamuzi huo anaiondoa tamaa ya kawaida ya filamu za njama, yaani kungoja kujua kama shujaa ataokoka. Linalobaki ni swali la manabii: damu hii inadaiwa mkononi mwa nani?

Ushahidi na shuku

Uzuri mkubwa wa filamu hii ni kwamba inagawa hatia bila kuifuta. Yumo Mbelgiji anayetaka madini ya Katanga, wamo Tshombe na Munongo, yumo rafiki aliyegeuka, wamo askari wanaotii. Ndivyo ilivyo habari ya Nabothi (1 Fal. 21). Yezebeli aliandika barua, wazee wa mji wakazitii, mashahidi wawili wakasema uongo, umati ukarusha mawe, naye Ahabu akashuka tu kurithi shamba. Hata hivyo Eliya alitumwa kwa Ahabu. Mwezi Novemba 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya viongozi wa nchi hiyo walikuwa na dhamana ya kimaadili katika mauaji haya, na mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Filamu ilikuwa imetangulia kusema.

Lakini ipo sehemu ambapo ushahidi unageuka kuwa shuku. Katika kikao kinachozungumza hatima ya Lumumba anaonyeshwa mwanadiplomasia wa Marekani aitwaye kwa jina, Frank Carlucci. Yeye alikanusha kuhusika, na filamu ilipofika kwenye televisheni ya Marekani jina lake lilifunikwa kwa sauti. Hatupendi ukweli ufunikwe. Hata hivyo uchunguzi wa Seneti ya Marekani wa mwaka 1975 ulithibitisha kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo lilipanga kumwua Lumumba kwa sumu. Haukupata uthibitisho kwamba lilishiriki katika kifo alichokufa. Kusudi ovu lilithibitika, mkono haukuthibitika. Luther, akiieleza amri ya nane katika Katekisimu Kubwa, anatofautisha dhambi iliyo dhahiri, ambayo yapaswa kukemewa hadharani, na ile isiyothibitishwa, ambayo hatuna ruhusa ya kuitangaza. Peck angetenda haki zaidi kama angeishika tofauti hiyo; wala asingepungukiwa, kwa maana yaliyothibitika yanatosha kutisha.

Kasoro ya pili ni nafasi finyu anayopewa Pauline Opango, mke wa Lumumba. Mwezi Februari 1961 mama huyo alitembea kifua wazi katika barabara za Léopoldville akiomboleza na kudai mwili wa mumewe. Huyo ndiye Rispa binti Aya, aliyelinda maiti mchana na usiku hata mfalme akaona haya akazizika (2 Sam. 21). Kudai huko hakukuisha. Mwaka 2020 binti yao, Juliana, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji, na tarehe 20 Juni 2022 jino moja, ndilo lililosalia, likarudishwa kwa jamaa yake. Habari ya Lumumba inayowasahau wanawake hawa imepoteza mashahidi wake walio waaminifu kuliko wote.

Fundisho kwa watumishi

Filamu inapomalizika Mobutu anaonekana akimtukuza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, kama alivyofanya kweli mwaka 1966. Bwana wetu aliwakemea wanaojenga makaburi ya manabii waliouawa na baba zao (Mt. 23:29-31). Kanisa nalo lijihadhari lisije likaitwa kuombea sherehe za namna hiyo nalo likakubali.

Kwetu Ufipa onyo hili lina uzito wa pekee. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Hata hivyo mchungaji yeyote aliyezika watu katika uwanda huu amesikia minong'ono ikimtafuta mtu wa nyuma kabla kaburi halijafukiwa. Tusimhukumu mwanasinema kwa kosa tunaloliacha lipite msibani. Mzee mjane anayetajwa na jirani zake bila shahidi anahitaji amri ya nane kama mwanadiplomasia aihitajivyo, tena zaidi, maana yeye hana wakili. Na pale damu imemwagwa kweli, awe mkulima wa Nkansi au waziri mkuu wa nchi, mchungaji hana ruhusa ya kujificha nyuma ya neno "haijulikani". Atoke pamoja na wazee, wapime.

Kwa hiyo tunaisifu filamu hii, na twawashauri wanafunzi waitazame wakiwa na Kumbukumbu la Torati mkononi.