Nafasi ya Mjomba Katika Picha ya Harusi

Tunapoihakiki kazi ya mchongaji au ya mpiga ngoma, hatuoni taabu kuuliza mpango wake umetoka wapi. Picha ya harusi aghalabu huponea swali hilo. Hutundikwa ukutani, wageni wakazisifu nguo, na aliyewapanga wale watu akasahauliwa kana kwamba walijipanga wenyewe. Kumbe sanaa ya picha hiyo imo katika kupanga, na hatari yake imo humo humo.

Tuchukue mfano wa Kinole, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, ambao wenyewe huuita lukolo. Ardhi ya ukoo imefuata njia hiyo hiyo, na kauli ya mjomba ina uzito katika mambo ya wapwaze. Hata cheo cha Kingalu, ambacho makao yake ya jadi ni hapo Kinole, hurithiwa kwa damu ya mama. Mamlaka ya machifu yalifutwa na serikali mwaka 1963, lakini jina lile halikufa.

Sasa tuitazame picha ya harusi ya kawaida. Maarusi wako kati. Kuume wapo baba na mama wa mmoja, kushoto baba na mama wa mwenziwe. Kisha wasimamizi, na watoto wamechuchumaa mbele. Mjomba yuko wapi? Katika picha moja tuliyoonyeshwa alikuwa ukingoni kabisa, bega lake moja limekatwa. Bibi mzaa mama hakuwamo. Alikuwa jikoni, wala hapana aliyekwenda kumwita.

Mpango huu haukuzaliwa mlimani. Ni mpango wa studio za mijini, na za pwani zilitangulia: Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Unguja mwaka 1930, na ile ya N. V. Parekh ilianza Mombasa mwaka 1942. Hatuzibezi studio hizo. Parekh aliwapa wateja wake, wakiwamo wanawake wa Kiislamu waliojisitiri wakiwa njiani, chumba ambamo waliweza kuonekana kama walivyotaka wenyewe. Naye Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza kazi bila mwalimu, alikata picha na kuziunganisha upya hata zikaonyesha yale ambayo jicho halijapata kuyaona. Mafundi hao waliwajua watu waliosimama mbele yao. Tunachokilaumu ni kuupandisha mpango wa chumba cha mjini hadi uani kwa Mluguru bila kuuliza neno.

Tena Waluguru wana elimu yao juu ya kuonekana. Mwali aliwekwa ndani, zamani kwa muda mrefu sana, na siku ya kutolewa kwake ndiyo iliyokuwa siku ya kuonwa. Kwa watu wenye desturi kama hiyo, kumweka binti mbele ya macho ya umma ni tendo lenye taratibu zake: nani amtoe, nani asimame naye.

Mpiga picha atajitetea kwamba mteja ndiye mwenye fedha, naye ametaka picha kama za mjini. Utetezi huo una nguvu. Enzi za filamu ya picha 36, aliyepanda mlima na kamera moja hakuwa na picha ya kupoteza. Alipiga alichoagizwa, akateremka Morogoro kwenda kusafisha. Leo, kwa kamera za dijitali na simu, picha mia moja hazimgharimu zaidi ya picha moja, na mjomba yungali pembeni. Basi kisingizio cha filamu kimekwisha.

Mjukuu atakayeirithi picha hiyo, waliomo wakiwa wamekwisha kufariki, ataisoma kama hati ya ukoo wake. Ataona baba wawili na mama wawili. Na yule mzee aliyekatwa bega atamdhania jirani.