Tunzo Isiyomfikia Mchezaji

Wahenga walinena: mcheza kwao hutuzwa. Atakayeyazingatia maneno haya ataona yamebeba masharti mawili: awepo anayecheza, na anayetuza awe mbele yake. Ndivyo ilivyo katika taarabu zetu. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa madaha hadi jukwaani, akaitia noti mkononi mwa mwimbaji ilhali wimbo haujamalizika. Fedha ile haimnunui mwimbaji wala haiununui wimbo. Ni jibu la moyo uliosisimka, na mtoaji hurejea kitini mikono mitupu, ameridhika.

Naikumbuka desturi hii kila nisomapo habari za minada ya vikumbusho vya michezo. Mwezi Mei 2022, jumba la mnada la Sotheby's la London liliuza jezi aliyoivaa Diego Maradona katika robo fainali ya Kombe la Dunia baina ya Argentina na Uingereza, iliyochezwa mjini Mexico tarehe 22 Juni 1986. Bei ilifika paundi milioni 7.1. Je, fulana moja yaweza kuwa na thamani hiyo?

Tuanze na kitambaa chenyewe. Argentina walitafuta jezi nyepesi za kustahimili joto la Mexico, wakazinunua za buluu dukani siku chache kabla ya pambano, na namba na nembo zikatiwa upesiupesi. Kwa kitambaa, basi, ni nguo ya dukani. Kilichouzwa ni dakika nne: bao la mkono, kisha lile bao la pili ambalo Maradona aliuchukua mpira katika nusu yake ya uwanja, akawapita Waingereza mmoja baada ya mmoja. Hila na ufundi vilikaa ndani ya nguo moja. Mshairi yupi asingeutamani mkutano huo?

Watetezi wa bei hizi wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Wasema kuwa jezi ni shahidi. Picha hunakiliwa mara elfu, ila nguo iliyoloa jasho siku ile ni moja tu. Nasi wapenzi wa mashairi hatuna haki ya kuwacheka. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa ziliishi vinywani mwa watu. Lau si Mwalimu Sikujua kuzikusanya na W. E. Taylor kuzihifadhi, nyingi zingezikwa pamoja na waliozikariri. Diwani yake ilipochapwa mwaka 1940, mwenyewe alikwisha kufariki karne nzima. Kumbe karatasi ina kazi yake, na atunzaye kitu kikongwe hatendi upuuzi.

Lakini hoja hiyo yathibitisha haja ya kuhifadhi, haithibitishi bei. Jezi ile ilikwisha kuhifadhiwa bila ya mamilioni. Steve Hodge, kiungo wa Uingereza ambaye mguu wake ndio uliouinua mpira uliozaa bao la mkono, alibadilishana jezi na Maradona mchezo ulipokwisha. Kwa miaka mingi aliiazimisha kwa makumbusho ya kandanda ya Uingereza, watu wakaenda kuitazama. Baada ya mnada ilionyeshwa pia Doha, wakati wa Kombe la Dunia la 2022. Basi zamani na sasa huonekana kwa hisani ya mmiliki. Kilichobadilika ni kwamba makumbusho ya umma, yenye mfuko mdogo, hayawezi tena hata kuinua mkono mnadani. Bei kubwa haikukilinda kitu. Imewatoa walinzi wake ukumbini.

Na aliyetuzwa ni nani? Maradona alifariki Novemba 2020. Mpira wa siku ile nao uliuzwa Novemba 2022 kwa paundi milioni 2, na muuzaji alikuwa Ali Bin Nasser wa Tunisia, mwamuzi ambaye hakuuona ule mkono. Siwalaumu wauzaji, kwani mali ilikuwa yao kwa halali. Ila tumtazame Jesse Owens, aliyetwaa medali nne za dhahabu Berlin mwaka 1936, kisha akarejea Marekani na kushindana mbio na farasi ili apate riziki. Mwaka 2013, miaka 33 baada ya kifo chake, moja ya medali hizo ilinunuliwa kwa dola zaidi ya milioni 1.4. Mkono wa kutoa ulikuwapo. Aliyestahiki kupokea hakuwapo.

Tena fedha nyingi huita hila. Kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ilisifiwa miaka mingi kwa ncha zake safi, ikauzwa mwaka 2007 kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013, Bill Mastro, aliyeifanyia biashara kadi hiyo, alikiri kuwa alizikata kingo zake. Shahidi aliyelipwa sana alikuwa amefundishwa maneno.

Hukumu yangu, basi, ni hii: vikumbusho vyafaa kutunzwa, navyo vina thamani kwa wanaoijua hadithi yake, bei za minada zapimia uwezo wa mnunuzi, hazipimi ukubwa wa mchezo. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Rome mwaka 1960 kwa miguu mitupu. Hakuna kiatu cha mbio ile cha kunadiwa, na hakuna aliyeisahau. Nasi visiwani tunao waimbaji, malenga na wanamichezo walio hai, tunaowajua kwa majina na kwa nyumba. Tusingoje kuwania makoti yao. Noti na ziende mkononi, wimbo ungali unaimbwa.