Mamlaka na Mabavu: Uhakiki wa Istilahi za Malezi ya Awali katika Kiswahili

Diana Baumrind, mwanasaikolojia aliyechunguza watoto wa chekechea huko Berkeley, California, katika miaka ya 1960 alipambanua mitindo mitatu ya malezi: wa mzazi anayeamuru bila kueleza, wa anayeamuru na kueleza, na wa anayeachilia. Maccoby na Martin waliongeza wa nne mwaka 1983, wa mzazi asiyejali. Kwa Kiingereza, majina ya mitindo miwili ya kwanza yana mzizi mmoja na hutofautiana kwa viambishi vya mwisho tu. Hapo ndipo ugumu wa Kiswahili unapoanzia.

Anayehamishia mtindo wa kwanza katika Kiswahili huchagua kati ya “kimabavu”, “kiimla” na “kimamlaka”. Wa pili huuita “kidemokrasia”, na hapo ndipo anapopotoka. Mzazi huyu wa pili, kwa mujibu wa Baumrind, hakuyaacha mamlaka hata kidogo: husimamia kanuni kwa uthabiti, ila hutoa sababu na kumsikiliza mtoto. Neno “kidemokrasia” linauficha uthabiti huo, na neno “mamlaka” linabaki upande wa mabavu. Mshauri wa sera anayesoma jedwali lenye istilahi hizo ataamini kwamba malezi bora ni kupunguza mamlaka ya mzazi.

Kasoro ya pili imo katika hojaji zinazohesabu amri. Mama anamwambia mwanawe wa miaka minne: “Baba, hebu niletee kile kikombe.” Katika orodha ya uchunguzi, hiyo ni amri isiyo na sababu. Kisarufi mambo ni tofauti. Kitenzi cha kuamuru kinapobeba kiambishi cha mtendwa huishia na -e, irabu ya dhamira tegemezi, ile ile ya kuombea na kupendekezea, “hebu” inalainisha, na mtoto anaitwa “baba”, pengine kwa kuwa amerithi jina la babu yake. Mama anaamuru na kuheshimu katika sentensi moja. Vivyo hivyo, mtoto ndiye anayeanza na “shikamoo”. Anayehesabu nani hufungua mazungumzo lazima aamue mapema kama salamu hiyo ni mazungumzo au la.

Hata hivyo, kuitetea lugha kusigeuke kuitetea fimbo. “Nyamaza, wakubwa wanaongea” ni amri inayofunga mlango, na hakuna irabu itakayoilainisha. Hoja hapa ni kwamba chombo kisichotofautisha kauli hizo mbili hakipimi mawasiliano.

Baumrind mwenyewe, katika utafiti wa mwaka 1972 uliolinganisha familia za Wamarekani weusi na weupe, aliona kwamba mtindo wa kwanza haukuzaa matokeo yale yale kwa mabinti weusi. Mwaka 1994 Ruth Chao alionyesha kwamba neno la Kichina “guan” hubeba maana ya kutawala na ya kutunza kwa pamoja, hivyo mizani ya Berkeley iliwasoma vibaya wazazi wa Kichina. Ukanda huu una neno la kufananisha: kulea, ambalo kwa Kinyarwanda na Kirundi ni kurera, na kwa Kiganda okulera. Mlezi hulisha, huonya, hubembeleza na hukataza, na kitenzi kinabaki kile kile. Inashangaza kwamba hojaji nyingi huanzia kwenye istilahi ya kigeni ilhali neno hili lipo mdomoni mwa kila mhojiwa.

Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto Desemba 2021, na malezi yenye mwitikio ni mojawapo ya nguzo zake. Mwitikio hupimwa kwa maneno. Kabla ya hojaji kutafsiriwa kwa ajili ya programu za aina hiyo, irekodiwe kwanza saa moja ya jioni nyumbani, mzazi akipika na mtoto akiuliza, kisha watafiti wakubaliane ipi ni amri na ipi ni ombi. Kwa mtindo wa pili wa Baumrind, “malezi elekezi” yangefaa kujaribiwa.