Kikombe Juu ya Dadu

Kwa dakika zipatazo ishirini, watu wanne tulikitazama kikombe cha bati kilichofunikwa kifudifudi mezani Mwanjelwa, Mbeya. Mimi nilikuwa Kihesa, Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kutoka kilipo, nimejitanda blanketi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Ndani ya kikombe kulikuwa na dadu ya pande kumi, na namba iliyokuwa juu ya dadu hiyo ndiyo ingesema kama utingo wetu, aliyeanguka ndani ya meli ya angani, yu hai au ameshakufa. Hakuna aliyekuwa ameiona, hata aliyeitupa. Hofu niliyoipata usiku ule ilitengenezwa kwa mikono, na nimeona inafaa kuifungua nieleze ilivyoungwa.

Mchezo wenyewe ni Mothership, uliobuniwa na Sean McCoy na kutolewa na Tuesday Knight Games mwaka 2018. Hauna ubao wala picha za kuendesha. Mtu mmoja anaongoza, waliobaki kila mmoja anabeba mhusika wake, na kisa kinakwenda kwa mazungumzo, dadu zikiamua penye shaka. Michezo ya namna hii ilianza na Dungeons & Dragons mwaka 1974; ile ya kutisha inadaiwa mengi na Call of Cthulhu wa mwaka 1981, ambamo akili timamu ya mhusika ilipewa namba inayopungua kila anapoona asichostahili kuona. Kutoka filamu ya Alien ya mwaka 1979, Mothership umechukua meli chakavu, wafanyakazi wa kawaida na mwajiri asiyesema ukweli kuhusu mzigo.

Wahusika ni wa aina nne: askari, mwanasayansi, roboti mwenye sura ya mtu, na mfanyakazi wa mizigo. Huyu wa mwisho mwongozaji wetu alimwita utingo. Neno hilo moja lilifanya kazi ya ukurasa mzima. Yeyote aliyeona malori yamelala foleni njia ya Tunduma anamjua utingo: anajua analala wapi, anakula nini, na kwamba jambo likiharibika yeye ndiye anayetumwa chini ya gari kuangalia.

Kisa nacho alikitoa nyumbani. Kule Ndolezi, Mbozi, ambako zamani kulikuwa Mkoa wa Mbeya na tangu 2016 ni Songwe, kuna Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye nikeli linalokadiriwa kuwa na tani 16. Wageni walikiandika mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wanakijua siku nyingi. Shimo ambalo kingepaswa kulichimba kilipoanguka halionekani. Miaka mingi imelifuta. Mwongozaji alilishika hilo la shimo. Meli yetu ilitumwa kuchukua kipande kama hicho kwenye sayari isiyo na watu, na swali la kwanza alilotuuliza lilikuwa: kama kilianguka, mbona ardhi haina kovu? Hakulijibu usiku kucha.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo fundi wa mchezo anapoonekana. Uwezo wa mhusika, tuseme nguvu au wepesi, hupatikana kwa kutupa dadu mbili za pande kumi na kuongeza 25. Wastani ni 36. Ukitaka kufanya jambo la hatari unatupa namba kati ya 00 na 99, nayo lazima iwe chini ya uwezo wako. Kwa hiyo mtu wa wastani asiye na ujuzi wa jambo hilo anashindwa karibu mara mbili katika kila tatu. Kila akishindwa, msongo wake unapanda kwa moja. Unaanza na msongo wa 2. Likitokea la kutisha kweli unatupa dadu ya pande ishirini, na ukipata namba iliyo sawa na msongo wako au chini yake, umetaharuki. Msongo ukiwa 2, hatari hiyo ni asilimia 10. Ukifika 9 ni asilimia 45. Zimwi lenyewe hata halijatokea, na tayari kushindwa kudogo kudogo kwa saa mbili, mlango uliogoma na taa isiyowaka, kumekuweka ukingoni. Mwanasayansi, niliyekuwa mimi, ana balaa zaidi: akishindwa kulinda akili yake, wote walio karibu naye wanapanda msongo. Wenzangu walianza kuniogopa kuliko kimondo.

Dadu za pande kumi sikuwa nazo. Nilichukua vizibo kumi vya soda, nikaviandika 0 hadi 9, nikavitia kwenye kopo. Unatoa kimoja cha makumi, unakirudisha, unatikisa, unatoa cha mamoja. Kwa dadu ya pande ishirini nilitoa kizibo kimoja, sifuri ikahesabiwa kumi, kisha nikarusha shilingi. Ikilala upande wa namba, naongeza kumi. Uwezekano unabaki uleule, na mkono ukiwa ndani ya kopo moyo unadunda kuliko kubofya kitufe. Kuhusu udanganyifu, tuliaminiana.

Fomu ya mhusika katika mchezo huu imesanifiwa vizuri, inakuongoza hatua kwa hatua, ila kwenye simu ndogo haisomeki. Kuijaza kulichukua saa nzima. Mwongozaji angeweza kututumia wahusika waliokwisha kuandaliwa, na kutofanya hivyo ndilo lililokuwa kosa lake kubwa usiku ule.

Kwenye sauti alifanya vizuri zaidi. Tulikutana Discord, ambako chumba cha sauti huanza na kilobiti 64 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 29 kwa saa kwa kila sauti unayoisikiliza. Alishusha hadi 32. Sauti ikakwaruza kidogo, bando likadumu, na mkwaruzo ukafanana na redio ya kofia ya mwanaanga. Video ilipigwa marufuku. Halafu akatuomba tuzime kichujio cha kelele. Mimi nilipinga, kwa sababu ilikuwa Machi na mvua ya Mbeya ilikuwa inapiga bati lake kama mtu anayemwaga kokoto. Nilikosea. Kichujio kinachofuta mvua kinafuta na mnong'ono, na mchezo wa kutisha bila mnong'ono umekufa. Mvua ile akaigeuza vumbi la sayari linalopiga ubavu wa meli.

Mtandao ulikatika mara kadhaa, na alikuwa amejiandaa. Kila baada ya muda aliita, 'Paukwa!' na kila aliyepo akajibu, 'Pakawa!' Asiyejibu, redio yake imekufa ndani ya kisa, na mhusika wake amesimama gizani bila kusema. Ile desturi ya bibi ya kujua kama watoto wamelala ikawa kipimo cha mtandao, na kila kimya kikawa na maana mbili.

Jambo lililonigusa zaidi ni sarufi. Alitukataza kusema 'nafungua mlango'. Tulisema 'nataka kufungua', kwa sababu dadu haijaamua. Baada ya dadu, yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutumia -ka-: akafungua, akaingia, akasikia. Kufikia saa tano usiku nilikuwa naingoja silabi hiyo kwa woga. Ikishatamkwa, jambo limekwisha kuwa.

Ndipo utingo akaanguka. Sheria inasema dadu ya kifo itupwe na kufunikwa kikombe, isitazamwe mpaka mwenzake atumie zamu yake kumkagua. Sifuri, amezimia tu. Moja au mbili, anakufa ndani ya raundi chache asipohudumiwa. Tatu au nne, koma. Tano hadi tisa, amekufa. Mtandaoni dadu hiyo inaweza kutupwa kwa programu inayomwonyesha mwongozaji peke yake, na hapo inaharibika, maana anayejua hujisaliti kwa sauti. Yeye aliwasha kamera kwa mara ya kwanza. Tukasikia dadu ikigonga meza, tukaona kikombe kimeshaifunika. Kamera ikabaki hapo, ikila bando letu, huku tukibishana kama turudi. Askari alitaka tukimbie. Aliyeigiza roboti alikuwa hajajibu Pakawa. Msongo wangu ulikuwa 8.

Nikasema nataka kurudi. Nikatoa vizibo viwili: 1 na 7. Kumi na saba, chini ya uwezo wangu.

'Akarudi,' akasema, 'akapiga magoti, akaweka vidole shingoni.' Mkono ukaingia kwenye picha, ukainua kikombe.

Mbili.

Mwongozaji akaichukua dadu ileile, akaitupa tena kupata idadi ya raundi zilizobaki, akafunika.